Nani Atalipa Vyungu

Wafaransa, au tuseme walimu wa Kifaransa walionifundisha Bujumbura, wana msemo ambao nimeutumia maisha yangu yote kama wengine wanavyotumia bismillahi, yaani kabla ya kuanza jambo. Payer les pots cassés. Kulipa vyungu vilivyovunjika. Mtu akiniletea shauri, liwe la gari, liwe la kiwanja, liwe la safari ya watu wanane kwenda umra, namsikiliza mpaka mwisho, namwomba arudie tena tangu mwanzo, halafu namuuliza: haya, na vyungu vikivunjika, analipa nani? Wengi huaga hapo hapo. Wanaobaki nimeelewana nao vizuri.

Sisi ni katika wale Waomani ambao babu zao hawakutosheka na Unguja. Walikwenda bara, wakaendelea mpaka ziwani, wakafungua maduka. Tulikulia huko na Kiswahili cha nyumbani, Kifaransa cha skuli, na Kiarabu cha kusalia. Tuliporudi Oman, mimi na dada yangu, Kiarabu kilipata kazi, Kiswahili kikapata kazi, Kifaransa kikakosa hata kibarua. Mimi naishi Sib, na Sib nzima sijapata mtu wa kumwambia bonjour. Basi tukakifanya cha siri. Dada yangu aliolewa Qurayyat, kwenye nyumba yenye masikio mengi. Baba mkwe wake aliishi Unguja ujanani na Kiswahili anakijua mpaka matusi yake, na waliobaki ni Waarabu watupu. Tukitaka kuambiana kwamba mchuzi umezidi chumvi na mwenye kuupika amekaa mbele yetu, tunasema kwa Kifaransa na nyuso tumezikunjua kama tunasifu.

Nataka kusimulia Idi moja ya Kuchinja, si ya zamani sana, niliyokwenda Qurayyat na mgeni.

Mgeni huyo ni kijana wa jirani yangu wa Sib, miaka ishirini na tisa, anafanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja ya Qurum. Alikuwa anamtaka binti mdogo wa dada yangu, na binti alikuwa anamtaka yeye. Walishakubaliana kwenye simu, kama siku hizi zilivyo, na wazazi wa pande zote mbili wameridhika. Lililobaki ni yule mzee, baba mkwe wa dada. Nyumba ile mtoto wa kike hatoki mpaka neno litoke kinywani mwake, na yeye hakuwa amekubali wala hakuwa amekataa. Alisema tu, mleteni Idi, tumwone.

Nikampeleka kwa gari yangu. Njia nzima nilimpa nasaha tatu, kila moja mara mbili. Asiseme kabla hajaulizwa. Asikatae kahawa ya kwanza. Na akipewa kazi yoyote, aifanye mpaka mwisho, asiwaachie wengine. Akawa anaitikia, "Sawa, ami. Sawa, ami." Nikamwona kijana mwenye masikio.

Kazi aliyopewa ni tanuri.

Kwa asiyejua: nyuma ya nyumba ya mzee pana shimo refu kuliko mtu, limejengewa kwa mawe. Siku ya pili ya Idi mtaa mzima huleta nyama zao humo. Kila nyumba ina nyama yake, imelala kwenye bizari na siki tangu jana, imefungwa majani ya mgomba, ikatiwa kwenye kifumba cha ukili wa mtende na kukazwa kwa waya. Kila kifumba kina alama yake, huyu kitambaa cha kijani, huyu kizibo cha soda, ili kesho watu wasigombane. Shimo linajazwa kuni za mgunga, zinawaka mpaka zibaki kaa tupu, vifumba vinatupwa ndani, mfuniko wa chuma unawekwa juu, na juu ya mfuniko udongo wa maji. Nyama inakaa humo mpaka siku ya tatu, baada ya alasiri. Hiyo ndiyo shuwa. Siri yake ni moja tu, kwamba hewa isiingie. Ikiingia hewa, kaa linageuka moto, na wewe unakwenda kufukua jivu.

Mzee akaleta kiti chake, akakaa, akanyoosha fimbo kumwelekea kijana. "Mwacheni huyu afunike."

Mimi nilipewa karatasi na kalamu, maana mtaa ule wananijua. Mzee huniita Bwana Hisabu, na sijawahi kumuuliza kama ni sifa. Kwenye karatasi niliandika nyumba thelathini na moja. Nikazisoma tena, thelathini na moja. Vifumba navyo nikavihesabu vinavyokuja kupangwa ukutani, lakini mambo ya Idi, huyu anakupa mkono, huyu anakuuliza hali ya watoto, nikapotea nikiwa ishirini na kitu. Nikasema nitahesabu vikiingia.

Kuingiza nyama tanurini si kazi ya kuhesabika. Wanaume wanazunguka shimo, kila mmoja na kifumba chake au viwili, mmoja anapiga takbiri na wote wanatupa kwa pamoja, kwa sababu moto haungoji. Ni jambo la pumzi tatu. Nilichokipata ni thelathini. Kabla sijafungua kinywa mfuniko ulishakuwa juu.

Kijana alifanya kazi nzuri, na nasema hivi nikiwa shahidi pekee niliyekuwa natazama mikono yake na si uso wake. Alivua kanzu, akabaki na shuka na fulana, akaukanda udongo kwa maji mpaka ukawa kama unga wa mkate, akauzungusha mara moja, kisha akauzungusha tena. Palipofuka moshi alipaziba kwa kiganja. Mzee hakusema kitu. Kwa mzee yule, hiyo ni hotuba.

Magharibi ikaadhiniwa na watu wakaelekea msikitini. Kijana alitaka kubaki alinde. Nikamwambia nenda kasali na wenzako, wakuone, mimi nitabaki hapa nisali baadaye. Ilikuwa nasaha nzuri pia. Lakini ukweli ni kwamba kile cha thelathini na moja kilikuwa kinaniwasha. Kifumba kikikosekana kuna nyumba moja kesho itakaa na sahani tupu, na karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Nilijiambia ni amana. Mtu anayetaka kufanya ujinga hakosi neno la Kiarabu la kuufunika.

Nikachukua ile ndoano ndefu ya chuma ya kupandishia vifumba, nikaenda upande wa ukutani ambako watu hawapiti, nikauinua mfuniko upana wa vidole vinne. Nikaona moshi. Macho yakanitoka machozi, nikapangusa, nikachungulia tena, nikaona moshi. Sikuhesabu hata kimoja. Nikaushusha. Ndoo ya maji ilikuwa tupu, basi nikaziba kwa udongo mkavu uliokuwapo pale, nikaukandamiza kwa kiatu, nikaenda kunawa uso. Walipotoka msikitini nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mzee kama mlinzi mwema.

Baadaye kidogo nilikwenda kutoa begi langu la nguo kwenye buti. Kando ya begi kilikuwa kimelala kifumba kimoja chenye kitambaa chekundu. Changu, cha nyumba ya thelathini na moja kwenye karatasi. Mke wangu alikiweka pale Sib kwa mkono wake, na mimi sikukishusha. Kwa hiyo shimoni mlikuwa na vifumba thelathini, kama nilivyohesabu. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa. Nikaenda dukani kununua mifuko miwili ya barafu, nikakitia kifumba kwenye friza dogo la pikiniki, nikafunga buti. Sikuona sababu ya kumtangazia mtu.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, tanuri likafunguliwa. Upande wa nyumba ndoano ilipandisha vifumba vyeusi vinavyotoa mvuke, na harufu ikatembea mtaani kabla ya watoto. Upande wa ukuta ndoano ilipandisha waya. Waya na majivu, halafu waya tena. Nilihesabu nyaya kumi na moja, na nilipozirudia zilibaki kumi na moja. Moja ilikuwa na kipande cha bati kilichotobolewa matundu matatu, alama ya mzee mwenyewe, bega zima na kichwa cha mbuzi.

Watu wa Qurayyat hawapigi kelele. Wanasema polepole, nawe unaumia polepole. Mmoja akauliza kama huko Maskati siku hizi tanuri linafungwa kwa kubonyeza kitufe. Mwengine akamjibu amwache kijana wa watu, labda alilifunika akasahau kubonyeza "hifadhi". Kijana alisimama na mikono yake miwili mbele. Mzee akamsogelea.

"Mwanangu," alimwambia kwa Kiswahili, "mimi nna miaka thamanini na moja, na shuwa ya tanuri hili nala tangu sina meno. Leo nitakula mkate."

Akaingia ndani. Hakuna aliyehitaji tafsiri.

Dada akaniita mlangoni mwa jiko. Mzee alishamwambia mwanawe, mume wa dada, kwamba mgeni apewe chakula, apewe halua ya kuchukua, aagwe kwa heri. Asiyeweza kulinda nyama ya watu siku moja hapewi mtoto wa watu umri mzima. Binti alikuwa chumbani amefunga mlango, halii, na dada alisema bora angelia.

Nikatikisa kichwa kwa huzuni, na huzuni yenyewe ilikuwa ya kweli. Nikamwambia kwa Kifaransa kwamba maskini kijana, ndiye atakayelipa vyungu vilivyovunjika.

Dada alikuwa anapanga visahani. Akaacha.

"Umesemaje?"

"Nimesema atalipa vyungu."

"Nimesikia." Akanitazama kama nnavyotazama mimi mtu anayeniuzia kitu kwa haraka. "Kaka, msemo huo nakusikia nao tangu una miaka tisa. Hujawahi kuukosea. Vyungu anavilipa mtu vilivyovunjwa na mwenziwe. Angekuwa kavunja yeye, ungesema kayataka mwenyewe."

Nikachukua kisahani kimoja, nikakipangusa.

"Nani kafunua tanuri?"

Nilianza kwa kuuliza nani kasema limefunuliwa. Akangoja. Dada yangu anajua kungoja, alijifunza kwangu. Nikamweleza yote, pamoja na kifumba chenye kitambaa chekundu kilichokuwa salama kwenye barafu, mita ishirini kutoka pale tuliposimama. Akakaa juu ya gunia la mchele, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na alipomaliza kucheka hakubakiwa na chochote usoni.

Nikampa masharti. La kwanza, nitamwambia mzee, lakini baada ya wiki mbili, hasira zikipoa. Akakataa. La pili, aseme yeye, mke wa nyumba, kwamba huenda paka aliurukia mfuniko. Akaniuliza paka wa kilo ngapi. La tatu, nitamwandikia mzee ujumbe nikifika Sib, kwa Kiarabu kizuri, na aya ndani yake.

"Wewe una gari," alisema. "Utaondoka. Na yule kijana ataondoka, ataoa kwengine. Mwanangu atabaki humu ndani, na kila Idi atapita mbele ya lile shimo."



Nikaenda kwenye gari, nikatoa friza. Sablani, chumba cha wanaume, walikuwa watu kama kumi na wanne wamezunguka masinia. Nyama waliyokuwa nayo ilikuwa ya hisani, ya zile nyumba kumi na tisa zilizosalimika, na kila mtu alikuwa anakula kidogo kidogo kuonesha kwamba hana njaa. Kijana alikaa karibu na mlango na mfuko wake miguuni. Nikaliweka friza katikati ya zulia, nikasimama. Mimi nimezoea kusema mbele za watu, lakini siku zote nasema kuhusu kitu cha mtu mwengine. Nilisema kwa Kiarabu, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili mzee asipate pa kukosa. Nilisema nilifunua, kwa sababu gani, upana gani, na nilifukia kwa udongo gani. Kisha nikafungua friza.

Wale watu wakakitazama kile kifumba, kibichi, kimelowa, kitambaa chake chekundu kimekaa vizuri. Mmoja akasema la haula. Mwengine akasema kwa upole kwamba naam, hii ndiyo hekima ya Sib, kuweka akiba.

Mzee akapangusa vidole kimoja kimoja.

"Bwana Hisabu. Ulihesabu ngapi?"

"Thelathini."

"Na shimoni mlikuwa na vingapi?"

"Thelathini."

"Basi hukukosea."

"Sikukosea, mzee."

"Ungelikosea tungelikula."

Nimeshindana na wauza magari wa Barka na wanawake wauza dhahabu, na sijawahi kupigwa namna ile. Waliosikia Kiswahili wakacheka, wakawatafsiria wengine, na nao wakacheka. Mzee hakucheka. Alimgeukia kijana.

"Wewe ulijua?"

Kijana akajibu kwamba aliporudi kutoka msikitini alizunguka kuangalia, akaukuta upande wa ukuta una udongo mkavu na alama ya kiatu. Akaleta maji akaukanda upya. Hakujua kama ameshachelewa.

"Na leo, watu walivyokuwa wakikusema, mbona hukusema?"

"Ningesema nini, mzee. Aliyebaki pale alikuwa mjomba wa binti."

Nilidhani jibu hilo litafungua milango yote.  Mzee alikunja uso kama aliyeuma pilipili manga nzima. Alisema adabu nzuri, lakini nyumba kumi na moja zimekosa nyama kwa adabu yake. Jana jioni angesema neno moja, watu wangefukua, wangeokoa walau nusu. Alisema mume anayenyamaza ili asimwaibishe mtu ataiunguza nyumba huku anatabasamu. Kijana akainamisha kichwa, akasema kweli. Hakuongeza chochote, na nadhani ni hilo lililomsaidia, maana mzee akamuuliza wazazi wake wanaweza kuja lini.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyepiga kigelegele, walikuwa wanaume watupu. Lakini ule mlango wa kwenda ndani ulikuwa wazi kidogo, na nikasikia visahani vikianza tena kupangwa.

Hukumu zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza, kifumba changu kikatwe vipande, wapelekewe wale kumi na moja wachome mishkaki. Nikakata mwenyewe, kwa kisu cha dada, mafungu kumi na moja yasiyopishana kwa upana wa ukucha, nikayapeleka nyumba kwa nyumba kwa miguu yangu, na kila mlango niliulizwa nieleze. Nilieleza mara kumi na moja. Kufikia ya sita nilianza kuifupisha, na mama mmoja akaniambia hapana, jirani kasema mna habari ya machozi ya moshi, nataka na hiyo.

Ya pili sikuuelewa uzito wake mpaka ilipofika. Katika familia yetu, posa yoyote ikifika kwenye kupanga, hupanga mimi. Ukumbi upi, siku gani, watu wangapi upande wa wanawake, nani anapika, nani anabeba. Nimepanga harusi kumi na saba, na hakuna hata moja upande wetu uliotoka umeonewa. Mzee akasema siku watu wa kijana watakapokuja, Bwana Hisabu naye aje, ni mjomba. Akae, anywe kahawa. Kusema, hapana.

Wakaja baada ya wiki mbili. Baba wa kijana ni mtu mwema, jirani yangu wa miaka mingi, na hajui kupanga hata foleni. Alianza kwa kusema wageni wake watakuwa mia sita. Mtu wa mia sita ukimkazia kidogo ni mtu wa mia tatu na hamsini, hili anajua kila mmoja. Mzee akasema karibuni. Baba wa kijana akasema wanaume watakula nje, hemani, hapa hapa Qurayyat. Mzee akasema karibuni. Dada alikuwa anachungulia nyuma ya pazia, nikasikia anavuta pumzi. Mwisho, baba wa kijana akasema kuna jamaa zao wako Ulaya wanapata likizo majira ya joto, kwa hiyo, kama hapana uzito, wangependa iwe Agosti.

Agosti. Mia sita, hemani, kwenye joto la Oman la Agosti. Hata mtoto angemtoa pale mpaka Novemba kwa maneno manne, na maneno yenyewe nilikuwa nayo tayari ulimini, yamepangwa.  Mzee aligeuza kichwa akanitazama mimi, akakaa hivyo, na watu wote wakanitazama kwa sababu yeye ananitazama. Mwenye birika akaja akasimama mbele yangu kunijazia.

Nikakitikisa kikombe, kuonesha kwamba nimetosheka.

"Karibuni," mzee akasema.